Masomo ya askari wa mwili yako katika kifua cha mtoto

KONA YA MWALIMU



Juma lililopita mama mmoja wa kikundi cha akiba alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Amenipa ruhusa ya kuandika maneno yake bila jina. Anasema hivi: «Mtoto wangu wa miaka miwili alilazwa kwa bwaki. Alipewa maziwa ya dawa, halafu Plumpy'Nut. Uvimbe uliisha, uzito ulirudi, wakaturudisha nyumbani. Majuma matatu hayajatimia, kifua kikamshika, halafu kuhara. Kwao na mume wanasema sina mkono wa kulea. Wengine wanasema kuna jicho la mtu. Mwalimu, mtoto aliyekwisha kunona anaugua sababu gani?»

Mimi si mganga, na mtoto huyo amekwisha kurudishwa kituoni, ndiyo njia. Lakini neno «sababu gani» ni neno la kalasi, nami naweza kulijibu. Jibu lenyewe liko katika kitu kidogo ambacho wengi wetu hatujasikia jina lake, hata sisi tuliosoma bioloji. Kinaitwa timusi. Itabidi tuzunguke kidogo kabla ya kurudi kwa bwaki, basi mnivumilie.

Timusi ni nyama laini yenye rangi ya maziwa, iko nyuma ya mfupa wa kati wa kifua, juu kidogo ya moyo. Siku mtakapochinja mwana-mbuzi, angalieni: kuanzia shingoni kushuka hadi karibu na moyo mtaona kitu cheupe, laini, ambacho si mapafu wala si mafuta. Ndiyo hiyo. Mkichinja mbuzi mzee, mtakuta kidogo sana, na sehemu kubwa imegeuka mafuta. Kwa watu ni hivyo hivyo. Mtoto anazaliwa na timusi kubwa kwa kipimo cha mwili wake, na kadiri anavyokua inapungua polepole, hasa baada ya kubalehe.

Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya na Marekani hawakujua kazi yake. Wengine walisema ni makaburi tu, mahali ambapo seli za damu zinaenda kufia, kwa kuwa kila walipoiangalia kwa mikroskopu waliona seli nyingi zinakufa mle ndani. Walikuwa wameona vizuri. Maana ya vifo hivyo ndiyo iliyowapita, na tutafika hapo.

Kuna habari moja ya zamani nataka kila mama aisikie. Wanafunzi wa uganga walikuwa wanajifunza mwili kwa kupasua maiti. Maiti zilizopatikana zilikuwa za maskini, watu waliokufa baada ya njaa na magonjwa ya muda mrefu. Katika vifua vyao timusi ilikuwa imekauka. Waganga wakaandika katika vitabu kwamba huo ndio ukubwa wa kawaida. Halafu mtoto mwenye afya alipokufa ghafula usingizini, wakampasua, wakakuta timusi kubwa, wakasema: huu ndio ugonjwa, imembana pumzi! Tangu mwanzo wa karne ya 20 wakaanza kuwapiga watoto wachanga mionzi ya eksirei kifuani ili kuipunguza timusi. Ni watoto maelfu. Miaka ilipita, na mwaka 1950 waganga wa Marekani wakaonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopata kansa ya tezi ya shingo walikuwa wamepigwa mionzi hiyo utotoni. Alama ya njaa ilichukuliwa kuwa ndiyo hali ya kawaida, na afya ikaitwa ugonjwa. Wekeni jambo hilo akilini, tutalihitaji.

Mwaka 1961 mganga kijana huko London, Jacques Miller, mzaliwa wa Nice katika Ufaransa aliyekulia Australia, alikuwa anachunguza kansa ya damu ya panya. Aliondoa timusi kwa panya waliozaliwa siku hiyo hiyo. Mwanzoni walikua vizuri. Lakini walipoacha kunyonya wakaanza kukonda, kuhara, kushikwa na kila ugonjwa, na wengi wakafa. Katika damu yao seli fulani nyeupe zilikuwa chache sana. Tena alipowabandika kipande cha ngozi cha panya wa ukoo mwingine, mwili haukukikataa kama ilivyo kawaida. Ngozi ya mgeni ikashika na kuota nywele kana kwamba ni yao. Miili yao haikuweza tena kutofautisha mwenyeji na mgeni.

Mtauliza: mbona walioondoa timusi kabla yake hawakuona kitu? Sababu waliiondoa kwa wanyama wakubwa, ambao askari wao walikuwa wamekwisha kutoka na kusambaa mwilini. Ukifunga shule leo, walimu waliokwisha kupata diploma hawapotei kesho. Ila ukiifunga kabla ya promosheni ya kwanza, hakuna mwalimu hata mmoja. Seli hizo baadaye zikaitwa seli T, na T hiyo ni ya timusi.

Sasa tuingie ndani ya shule yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu.

Wanafunzi wanazaliwa katika uboho wa mifupa, ule tunaounyonya kwenye mfupa wa ng'ombe. Wakiwa bado wachanga, hawajui kitu, wanasafiri kwa damu mpaka timusi. Wakifika, kila mmoja anajitengenezea ufunguo wake na kuuweka nje ya ngozi yake. Namna anavyoutengeneza ni ajabu: anachukua vipande vya jeni, anakata, anaunganisha bila kufuata mfano, kama fundi anayeshona blauzi kwa mabaki ya vitenge vya kila rangi, macho yakiwa yamefungwa. Kila seli inapata ufunguo wake tofauti na wa jirani. Zinatokea aina za funguo zisizohesabika.

Kwa nini kufanya kazi kwa kubahatisha namna hiyo? Sababu mwili haujui ni mikrobi gani itakayokuja. Ugonjwa mwingine haujatokea bado duniani. Mwili ukiwa na funguo za maumbo yote, kutakuwa na mmoja utakaoingia katika kufuli la mgeni huyo siku atakapofika. Ni akili kubwa. Lakini ina hatari yake: anayekata funguo bila kuangalia atakata nyingi zisizofungua kitu, na atakata pia zinazofungua milango ya nyumba yake mwenyewe. Askari mwenye ufunguo wa namna hiyo atashambulia figo, macho, viungo vya mwenye mwili. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana ubaya wa askari asiyewatambua raia wake.

Kwa hiyo kuna ekzamini mbili.

Ya kwanza inafanyika katika sehemu ya nje ya timusi. Ili kuielewa lazima mjue jambo moja: seli T haiwezi kuiona mikrobi hivi hivi. Inaona kipande chake tu, na kipande hicho lazima kiwe kimewekwa juu ya sahani. Seli zetu karibu zote zina sahani ndogo juu ya ngozi yao, ambazo kazi yake ni kuonyesha nje vipande vya yaliyomo ndani. Seli ikiwa na virusi ndani yake, kipande cha virusi kitaonekana kwenye sahani, na askari anayepita atajua kwamba nyumba hii imeingiliwa. Sahani hizo kila mtu anazirithi nusu kwa baba, nusu kwa mama, na ndiyo sababu figo ya mtu mwingine inakataliwa mwilini. Waliogundua kwamba askari lazima asome kipande pamoja na sahani ya mwili wake ni Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, mwaka 1974 huko Canberra, Australia. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Basi katika ekzamini ya kwanza mwanafunzi anaonyeshwa sahani za mwili wake, zikiwa na vipande vya mwili wake. Swali ni moja: ufunguo wako unaweza kuigusa sahani hii, hata kidogo? Ukishindwa kuigusa kabisa, hutaweza kusoma kitu maisha yako yote. Hakuna anayemwua mwanafunzi huyo. Anangoja siku tatu au nne, hapati ishara ya kuendelea kuishi, anakufa kimya. Wengi wanaishia hapa. Wanaoshinda, papo hapo wanapangiwa opsio. Kuna sahani za aina mbili: aliyesoma aina moja anakuwa CD8, askari wa kuua seli iliyoingiliwa na virusi, aliyesoma aina nyingine anakuwa CD4, mkubwa anayewaita na kuwaamuru wengine. Mama ambaye ana ndugu anayeishi na virusi vya SIDA atakuwa amesikia hesabu ya CD4 hospitalini. Ni hawa hawa. Virusi vya SIDA vinawashambulia wakubwa wa jeshi, na jeshi linabaki bila sauti.

Ekzamini ya pili ni ya ndani zaidi, katikati ya timusi, na mimi naiona ndiyo ngumu kuliko Exetat. Sasa swali limegeuka. Mwanafunzi anaonyeshwa tena vipande vya mwili wake mwenyewe, na anayevishika kwa nguvu sana anaamriwa kufa. Maana aliyeng'ang'ania mwili wake humu ndani, huko nje ataushambulia.

Angalieni jambo hili kwa makini. Aliyegusa kwa udhaifu mno alikufa katika ekzamini ya kwanza. Aliyegusa kwa nguvu mno anakufa katika ya pili. Anapita yule wa katikati. Ni kama mama anapopima maji ya kumwogesha mtoto kwa kiwiko cha mkono: ya baridi hapana, ya kuchoma hapana. Kati ya wanafunzi 100 walioingia, hawafiki 5 wanaotoka nje wakiwa na kazi. Wengine wote wanakufa mle mle, na seli za usafi zinawafagia bila homa wala usaha. Ndivyo vifo walivyoviona wale wa zamani wakasema ni makaburi. Ingekuwa shule yangu, wazazi wangekuwa wamevunja mlango. Hapa mfano wangu wa shule unafika mwisho, maana kazi ya mwalimu ni kumwinua aliyeanguka, na timusi haimwinui mtu.

Kuna mwanafunzi mmoja wa kalasi ya sita aliniuliza swali ambalo mwenyewe nililipenda: «Mwalimu, timusi iko kifuani. Inajuaje vipande vya jicho au vya tumbo, ili iwapime wanafunzi juu ya vitu hivyo?» Swali hilo hilo liliwasumbua wasomi miaka mingi. Jibu ni kwamba seli za katikati ya timusi zinafanya jambo ambalo karibu hakuna seli nyingine inayolifanya: zinatengeneza kidogo kidogo vitu vya viungo vingine. Insulini, ambayo kwa kawaida inatoka katika kongosho peke yake, inatengenezwa kidogo hapo. Vitu vya jicho, vya tezi ya shingo, vya mate, vyote kidogo kidogo. Ni kama mwalimu wa kalasi ya kwanza anayeleta kikapuni jani, yai, mfupa, udongo, ili watoto waone kabla ya kutoka nje. Jeni moja inayoongoza kazi hiyo inaitwa AIRE. Ilijulikana mwaka 1997 kwa kuchunguza familia zenye ugonjwa adimu, ambao unapatikana zaidi katika nchi chache kama Finland. Watoto waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa imeharibika, mwili wao unashambulia tezi zao wenyewe, moja baada ya nyingine. Kikapu cha mwalimu kilikuwa kitupu, na wanafunzi wabaya wakapita.

Hata pale ambapo kila kitu kinafanya kazi, wabaya wachache wanaponyoka. Hakuna ekzamini isiyo na udanganyifu, inspekta wote wanajua. Mwili una mpango wa pili. Wanafunzi wengine walioonyesha kuupenda mwili wao kidogo kupita kiasi hawauawi, wanafundishwa kazi ya kutuliza: wanatoka nje na kuwashika mkono askari wenzao wanapotaka kuwaka bure. Mjapani Shimon Sakaguchi aliwaonyesha mwaka 1995. Ufuatiliaji wake ulianzia kwa panya walioondolewa timusi siku ya tatu baada ya kuzaliwa: hao, badala ya kukosa ulinzi tu, miili yao ilianza kujishambulia. Wamarekani wawili, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waligundua mwaka 2001 jeni iliyoharibika katika panya wenye ugonjwa wa kujishambulia, na baadaye ikaonekana kwamba jeni hiyo ndiyo inayowaongoza wale watulizaji. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Nafurahi kuwaambia wasichana wangu wa kalasini kwamba mmoja wao ni mwanamke.

Ulinzi ukishindwa kwenye ekzamini na kwa watulizaji pia, yanatokea magonjwa ya mwili kujishambulia. Kuna ya viungo vya mikono kuvimba na kupinda, kuna ya tezi ya shingo, kuna lupusi, na wengi wa wanaoyapata ni wanawake. Kwa watoto, linalonigusa zaidi ni kisukari cha aina ya kwanza. Askari wa mtoto wanaua seli za kongosho zinazotoa insulini. Timusi si sababu peke yake, lakini askari hao walipita mikononi mwake. Mtoto anakunywa maji bila kutosheka, anakojoa sana, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, anakonda haraka ingawa anakula. Mama ukiona hivyo, usingoje juma liishe. Mpeleke siku hiyo hiyo wampime sukari katika damu. Bila insulini mtoto huyo anakufa. Akipata insulini anasoma, anakua, anaolewa au anaoa. Tunajua huku ni mara ngapi ugonjwa wa namna hii umeitwa sumu au kulogwa, na bibi mzee wa jirani akafukuzwa katika kijiji sababu ya mtoto aliyekuwa na sukari tu. Hakuna jirani anayeweza kuingia katika timusi ya mtoto wa mwenzake na kubadilisha ekzamini.

Sasa bwaki.

Katika Kivu jina hilo tunalijua kabla ya waganga kulijua. Lwiro, pale Kabare, walikuwa wanalichunguza na kulitunza tangu wakati wa wakoloni. Tunaona nje: miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, uso umekuwa wa huzuni. Kifuani hatuoni. Mtoto anapokosa chakula chenye kujenga mwili, na zaidi akiwa na homa au kuhara juu yake, mwili unatoa homoni za taabu kwa wingi. Homoni hizo zinawaua wanafunzi walio katika sehemu ya nje ya timusi, wale wanaongojea ekzamini ya kwanza. Mwili umeamua kukata matumizi: kwanza moyo uendelee, kwanza ubongo uendelee, shule tutaona baadaye. Timusi inanywea haraka sana, kuliko karibu viungo vingine vyote. Katika mtoto mwenye bwaki kali inaweza kubaki kama kipande cha ngozi. Hiyo ndiyo timusi waliyokuwa wanaiona wale wapasuaji wa maiti za maskini.

Jambo la kutia moyo ni kwamba inarudi. Lakini hairudi kwa mwendo wa uzito. Huko Cochabamba, katika Bolivia, waganga walikuwa wanatunza watoto wenye utapiamlo mkali, na walikuwa wanapima timusi yao kwa ekografi, ile mashine tunayowekewa tumboni wakati wa mimba. Kwa mwezi mmoja hivi mtoto alikuwa amerudi katika uzito unaofaa, mtu angesema amepona. Timusi ilihitaji karibu miezi miwili. Katikati hapo kuna mwezi mzima ambapo mtoto ana mashavu lakini hana promosheni mpya ya askari. Watu wanamsifu, mama anapumzika, Plumpy'Nut imekwisha, sahani ya nyumbani imerudi kuwa bugali na majani peke yake. Halafu kifua kinamshika.

Mama uliyeniandikia, hilo ndilo jibu langu. Mkono wako haukukosa kitu. Mtoto alitoka hospitalini akiwa amepona nusu inayoonekana kwa macho.

Mtu atauliza: basi tufanye nini katika mwezi huo wa pili? Nimeongea na muuguzi wa lishe, na maneno yake si ya gharama kubwa kama tulivyoogopa. Usikose miadi ya kupimwa hata kama mtoto amenona, maana miadi hiyo iliwekwa kwa sababu. Endelea na uji wa masoso, weka ndani unga wa sambaza au wa ndagala uliosagwa, kijiko kimoja au viwili. Maharagi, soya, yai likipatikana. Mlishe mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, sahani yake peke yake, asishindane na kaka zake katika sinia moja. Akihara, kituo kinatoa vidonge vya zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari. Mpe zinki mpaka siku zote walizokuandikia zitimie, hata kama kuhara kumeisha siku ya tatu. Zinki inahitajika sana katika kazi ya timusi, na wale wa Bolivia waliona kwamba watoto waliopewa zinki timusi yao ilirudi mapema zaidi. Kamilisha chanjo zilizobaki. Na homa ikija, usingoje kesho kutwa.

Juu ya kunyonyesha nina neno la kuongeza, kwa kuwa katika kikundi chetu bado kuna wanaosema maziwa ya kopo yanaleta afya zaidi. Huko Denmark walipima watoto wa miezi minne: walionyonya maziwa ya mama peke yake walikuwa na timusi kubwa karibu mara mbili kuliko walionyweshwa kopo peke yake. Keneba, katika Gambia, ambako watu ni wakulima kama sisi, waliona kwamba majira ya njaa, kabla ya mavuno, watoto wachanga wana timusi ndogo kuliko majira ya chakula. Na katika Guinea-Bissau walipima watoto waliozaliwa, wakawafuatilia: wenye timusi ndogo tangu kuzaliwa walikufa zaidi katika utoto wao. Kwa hiyo chakula cha mwanamke mwenye mimba na cha anayenyonyesha kinaingia katika shule hiyo ya kifuani. Mume anayemwachia mke mchuzi bila samaki anapunguza ulinzi wa mtoto wake. Mama anayeishi na virusi vya SIDA asiache kunyonyesha kwa kusikia maneno ya njiani, wala asiendelee bila dawa. Afuate mpango aliopewa kituoni.

Pale kwenye mkutano wa Jumamosi, nilipoanza kuwaelezea wachache jambo hili, koko mmoja alinikatiza. «Wewe mwalimu unasema timusi inageuka mafuta. Mimi nina wajukuu kumi na mmoja. Shule yangu ilifungwa zamani. Kwa nini bado ninaishi?»

Tulicheka, lakini swali ni la kweli. Koko anaishi kwa promosheni za zamani. Seli T zilizotoka katika timusi yake alipokuwa msichana nyingine bado ziko, zinajigawa polepole kuziba nafasi za zilizokufa. Na zile zilizowahi kupigana na ugonjwa fulani zinabaki na kumbukumbu miaka mingi. Anachopungukiwa ni askari wapya kwa magonjwa mapya. Ndiyo maana ugonjwa mgeni unawapata wazee vibaya kuliko vijana. Nilimwuliza kama aliwahi kuugua surua. Akasema ndiyo, wakati wa utoto, mwaka asioukumbuka, na wadogo zake wawili walikufa nayo. Surua ilipopita mtaani, yeye ndiye aliyekuwa anabeba wajukuu mgongoni usiku kucha, na haikumgusa.